Kabla ya Karo, Kitambulisho: Wito kwa Wakaaji wa Kibera na Kawangware

Ndugu na majirani wa Makina na Lindi kule Kibera, wa Gatina na Kabiro kule Kawangware,

Nawaandikia kwa taadhima juu ya vijana wetu ambao, wakiisha kufaulu mtihani wa Kidato cha Nne na kuitwa chuo kikuu, hukwama mlangoni, si kwa upungufu wa akili wala wa bidii, bali kwa kukosa kitambulisho cha serikali na fedha za miezi ya mwanzo.

Aghlabu twadhani kwamba dawa ya jambo hili ni fedha tu. Laiti ingekuwa hivyo! Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu, HELB, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995, humtaka mwombaji awe na kitambulisho; na ni hapo ambapo kijana wa Kinubi, ambaye wazee wake waliletwa kuwa askari wa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Waingereza, wakatengewa Kibera, ardhi ya ekari zaidi ya 4,000, alikuwa amezoea kupelekwa mbele ya kamati ya msasa ili athibitishe kuwa ni Mkenya, ilhali mwenzake wa dawati moja alipewa chake pasipo kuulizwa nasaba. Mwezi wa Machi 2011 kamati ya Afrika ya haki za mtoto ilihukumu kwamba Kenya imewadhulumu watoto wa Kinubi katika uraia wao. Mwaka 2017 jamii hiyo ya Wanubi ikapewa hati ya ardhi ya ekari 288. Walakini hati ya ardhi haijazi fomu ya mkopo. Na Februari 2025 Rais alitangaza, kule Wajir, kwamba msasa ukome. Basi na tusimamie ukome na Kibera pia.

Kawangware taabu ina sura nyingine. Mama afuaye nguo za watu Lavington hana hati ya mshahara, na tangu mwaka 2023, serikali ilipoanza kuwapanga wanafunzi katika madaraja kwa kadiri ya uwezo wa jamaa zao, mwanawe aweza kuhesabiwa miongoni mwa wenye nafasi kwa ajili ya fomu iliyojazwa kwa pupa katika simu ya kuazima.

Ibara ya 56 ya Katiba yaitaka serikali iwape walio wachache na waliotengwa fursa maalumu za elimu. Tuidai haki hiyo, Wanubi na wasio Wanubi, bila kukunja mikono tukingoja. Mwaka 1959, Tom Mboya, kiongozi wa vyama vya wafanyakazi, alipowapeleka vijana 81 Marekani kwa ndege moja, walioachwa nyumbani hawakuwa matajiri kutushinda, na bado walichanga kwa ajili yao.

Naomba basi kila msikiti, kila kanisa na kila chama cha akina mama kitenge fungu la kila wiki, hata likiwa shilingi 20 kwa mtu, liwaauni wanaosubiri mkopo; hesabu yake ibandikwe mlangoni, maana tumekwisha kuchoshwa na michango isiyo na daftari. Wanafunzi walioko chuoni wakae na wadogo zao wajaze fomu pamoja, na daraja likikosewa wawaandikie rufani. Afikaye miaka 18 asiende peke yake kwa chifu: aandamane na mtu mzima ajulikanaye mtaani. Na mkopo wataka mdhamini. Aliye radhi ampe imamu au mchungaji wake jina lake wiki hii, kabla ya matokeo ya mtihani kutoka.