Kujisajili SHA Si Kuwa na Bima

Msomaji wa mjini akisikia wakala wa bima, humfikiria kijana mwenye tai na mkoba asiyekubali kuambiwa hapana. Huko Marekani, mawakala wanaouza mipango ya Medicare, bima ya wazee iliyoanzishwa 1965, walizidi usumbufu hata wakakatazwa kubisha hodi nyumbani kwa mtu au kumpigia simu bila ya kualikwa. Huku Tana River taabu yetu ni kinyume. Ukiiacha barabara kuu pale Garsen ukaingia vijijini, utangoja sana kabla ya kusikia hodi ya mtu wa bima.

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii, yaani SHA, ilipochukua nafasi ya NHIF, wahamasishaji wa afya ya jamii wamekuwa miongoni mwa wanaowasajili wananchi. Kwa maoni yangu hatuna mawakala bora kuliko hawa. Ni watu wa kijiji chenyewe, wanajua mlango upi una mja mzito na upi una mzee mwenye kisukari. Lakini tunawatumia vibaya, kwa sababu hesabu tunayowadai ni ya majina.

Jina halilipi bili. Asiye na mshahara hutozwa asilimia 2.75 ya mapato anayokadiriwa, kiasi kisichopungua shilingi 300 kwa mwezi, na hutarajiwa kulipa ya mwaka mzima kwa pamoja: 3,600 au zaidi. Asipolipa, atatibiwa bure kwenye zahanati, naam. Siku mkewe atakapohitaji kupasuliwa ili ajifungue, ndipo atakapoambiwa kwamba usajili wake hautoshi. Nimewaona akina baba wakiishika simu yenye ujumbe wa usajili kana kwamba ni risiti.

Basi mhamasishaji aende lini? Aende pesa zinapokuwapo. Mpokomo mkulima anazo akishauza maembe au mpunga. Mfugaji wa Kiorma au Kiwardei anazo siku aliyouza mnyama mnadani, kabla hajanunua unga na sukari. Kumfuata wakati wa ukame, ng'ombe wamekonda na bei imeanguka, ni kumchosha bure. Wakati wa mafuriko, kama yale ya mwisho wa 2023 na ya 2024, hata njia ya kumfikia huwa haipo.

Tena kuna yale maswali ya kukadiria mapato. Mfugaji akiulizwa habari za mali yake, husita, maana kuhesabu mifugo mbele ya mgeni si adabu, na wengi walipoteza makundi mazima katika ukame wa 2020 hadi 2023. Anayeuliza na awe mtu anayejua lugha yake, na amweleze kwanza kwamba jibu ndilo litakaloamua malipo. Kwa sasa wengine hulijua hilo baada ya kadirio kutoka, nao hawarudi tena.

Kwa asiyeweza kukusanya ya mwaka, upo mpango wa Lipa SHA Pole Pole, na mhamasishaji anapaswa kuutaja kabla ya kuulizwa. Kwa wasio na chochote kabisa, serikali ilizindua Oktoba 2025 mpango wa kuwalipia watu milioni 2.2 nchini. Mjane asiye na shamba wala mbuzi hatajitokeza mwenyewe kuomba. Mhamasishaji anamjua kwa jina na nyumba yake anaijua. Kaunti na imwulize.