Madaraka yaliyotoka Ulaya yaliishia London



Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa kijijini. Jioni tukizungumza, wenzangu husema kwamba nchi ikijitoa katika jumuiya ya nchi nyingi, madaraka hurudi kwa wananchi. Mimi nasema si lazima. Tuitazame Uingereza.

Nchi hiyo ilipiga kura mwaka 2016, ikatoka katika Umoja wa Ulaya tarehe 31 Januari 2020. Wapiga kura wa Uskoti walikuwa wamekataa kutoka kwa asilimia 62. Uskoti, Wales na Ireland ya Kaskazini zina mabunge na serikali zao, nazo zimekabidhiwa mambo kama kilimo, uvuvi na mazingira. Mambo hayo yalikuwa pia chini ya sheria za Ulaya. Sheria hizo zilipoondoka, Uskoti na Wales zilidai kwamba nafasi iliyoachwa ni yao.

London haikukubali. Ilisema wafanyabiashara wanahitaji soko moja, na mwaka 2020 ikapitisha Sheria ya Soko la Ndani. Kwa sheria hiyo, bidhaa iliyoruhusiwa kuuzwa England kwa kawaida haiwezi kuzuiwa Uskoti. Basi Uskoti ikiweka masharti makali, yatawabana watu wake huku bidhaa za jirani zikipita. Mwaka 2023 Uskoti ilitaka mnunuzi aache hela ya chupa, kama sisi tunavyofanya tukichukua soda dukani. London ikasema chupa za kioo zisiwemo, na mpango ukaahirishwa.

Desturi ilikuwepo kwamba London kwa kawaida haitungi sheria juu ya mambo ya mabunge hayo bila ridhaa yao. Lakini Januari 2017 Mahakama ya Juu iliamua kwamba mahakama haziwezi kulazimisha desturi hiyo ifuatwe. Uskoti na Wales zilikataa kuiridhia sheria ya soko, nayo ikapita vilevile.

Hapo ndipo penye funzo. Sheria za Ulaya zilimfunga mdogo, lakini zilimfunga na mkubwa pia. Kamba ilipokatwa, mkubwa ndiye aliyekuwa huru zaidi.

Hata sisi, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, kazi zake zilihitaji mwenyewe mpya. Mahakama yake ya Rufani ilikwisha, tukaunda yetu mwaka 1979, nayo ikawekwa katika mambo ya Muungano. Sisemi ilikuwa vibaya. Nasema kila kazi inayoachwa lazima iwe na wa kuipokea, na ni vizuri watu wajue mapema ni nani.

Kwa hiyo nawashauri wenzangu: anayetaka kutoka katika jumuiya yoyote aulize kwanza kila ufunguo utashikwa na nani, na jibu liandikwe katika sheria inayoweza kutetewa mahakamani. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na madaraka ni mali.

Mwalimu wa Kijijini,
Ludewa.