Kabla Hamjachanga Doo ya Seli Shina, Soma Hii

Kila baada ya muda kuna poster inazunguka kwa status za WhatsApp, ni jina tu hubadilika. Kijana wa nduthi, stage ya Kawangware ama Kibera, aligongwa, uti wa mgongo ukaumia, miguu haisongi. Chini kuna nambari ya M-Pesa na maneno: tunamtafutia tiba ya seli shina ng'ambo. Tunatuma soo mbili, tunaweka emoji ya maombi, tunasonga.

Mimi naona hiyo doo tunaielekeza pabaya.

Seli shina ni seli changa zinazoweza kugeuka kuwa seli za aina nyingine. Wazo lenyewe ni poa: ziweke palipoumia, zisaidie neva kuunganika tena. Na wanasayansi hawajalala. Mwaka wa 2018 Japani iliruhusu kwa masharti tiba moja inayoitwa Stemirac, na wataalamu kibao wa nje wakalalamika kwamba ushahidi ni kidogo. Mwaka wa 2024 Mayo Clinic ya Marekani ilitoa matokeo ya wagonjwa waliodungwa seli zilizotolewa kwa mafuta ya miili yao wenyewe. Walikuwa watu 10, na 7 walionyesha nafuu kiasi. Watu kumi, msee! Hiyo ilikuwa ya kupima usalama, sio ya kuuzia mtu.

Homoni nazo zina stori yake. Kuna dawa ya jamii ya steroidi, methylprednisolone, iliyosifiwa sana mwaka wa 1990 eti ikipewa mapema inaokoa neva. Kufikia 2013, miongozo ya madaktari wa upasuaji wa neva wa Marekani ikasema isitumike.

Halafu kuna upande wenye poster haisemi. Mwanamke mmoja kutoka Marekani alienda Ureno akapandikizwa seli za puani kwa uti wa mgongo. Miaka 8 baadaye alianza kuumwa na mgongo, akapasuliwa, na wakapata uvimbe wa nyama ya pua unaotoa kitu kama makamasi. Ndani ya mgongo. Ripoti ilitoka 2014. Kwa hivyo kliniki ikikuitisha mamilioni halafu iite hiyo "utafiti", shtuka, maana jaribio la kweli kwa kawaida halimtozi mgonjwa.

Sisemi familia zinazochanga ni wajinga. Ukiishi Gatwekera, njia ni tope na mtaro, choo kiko mbali na mlango, kiti cha magurudumu hakipiti, utaota nini kingine kama sio kutembea? Mtaa wenyewe ndio unauza hiyo ndoto.

Lakini mtu aliyepooza kwa mtaa haumaliziki kwa kukosa seli shina. Anamalizwa na vidonda vya kulalia, na maambukizi ya mkojo yanayopanda hadi kwa figo. Hasikii maumivu, kwa hivyo kidonda kinachimba kimyakimya hadi mfupa. Dawa yake ni ya kawaida kabisa: kugeuzwa kila baada ya saa mbili usiku, mto mzuri wa kukalia, mpira wa mkojo ulio safi, maji safi. Nani anachangia mto? Hauna mvuto kwa poster.

Kuna mtu aliwahi kuitisha kitu cha maana. Mwaka wa 2012 Zack Kimotho, aliyepigwa risasi na wezi wa gari mwaka wa 2004, alitoka Nairobi kwa kiti cha magurudumu akielekea Afrika Kusini. Alisema atarudi Wakenya wakichanga milioni 250 za kujenga kituo cha kuwafunza walioumia uti wa mgongo kuishi upya. Hakuomba muujiza, aliomba jengo na wahudumu. Hospitali ya kitaifa ya uti wa mgongo tunayo, iko Hurlingham, matatu moja tu kutoka Kawangware, lakini vitanda ni vichache na nchi ni kubwa.

(Na tafadhali, ajali ikitokea wacheni kumbeba mtu juu ya nduthi katikati ya watu wawili. Shikilia kichwa na shingo zisicheze, mngoje ambulensi, ama mumlaze kwa ubao.)

Poster ikija tena, mpigie mathe wake kwanza. Muulize: nani anamgeuza usiku? Ana mto wa kukalia? Mipira ya mkojo ya mwezi huu imenunuliwa? Landlord anaweza kubali tusawazishe ile ngazi ya mlangoni kwa simiti? Halafu tuma soo zako mbili huko.