MAONI: Mwanafunzi wa kompyuta apimwe kwa chombo kinachofanya kazi, si kwa karatasi tu

Katika nyumba nyingi za Goma, Bukavu, Butembo na Bunia hakuna kompyuta inayoonekana mezani. Lakini kompyuta ndogo zimo, zimefichwa. Moja iko ndani ya mita ya cash power: inasoma zile tarakimu 20 na kuamua kama umeme urudi ao hapana. Nyingine iko ndani ya kisanduku cha umeme wa jua cha kulipa kidogo kidogo: siku malipo yakiisha, yenyewe inazima taa.

Wanafunzi wanajua somo la vyombo hivyo kwa jina la Kifaransa, systèmes embarqués. Ni kompyuta iliyotengenezwa kwa kazi moja tu, ikiwekwa ndani ya chombo kingine. Mahali pengi mashariki mwa Congo somo hilo linafundishwa kwa chaki na silabusi. Mwanafunzi anachora ubaoni chombo ambacho hajakishika hata siku moja, anapata alama nzuri, anapewa diploma. Kisha mita ya jirani inakufa, na yeye, mwenye diploma, hawezi kuifungua.

Viongozi wa vyuo wanajibu kwamba pesa za maabara hazipo. Ni kweli kwamba vyuo havina pesa. Lakini somo hili ni moja ya masomo machache ya uhandisi yanayoweza kuanza na pesa kidogo. Arduino ilizaliwa mwaka wa 2005 katika mji wa Ivrea, Italia, kwa ajili ya wanafunzi. Michoro yake iko wazi, kwa hiyo wengine wanaruhusiwa kuinakili, na nakala zinauzwa dola chache. Kumbukumbu ya programu kwenye Arduino Uno ni kilobaiti 32 tu, ndogo kuliko picha moja ya simu, na inatosha kupima maji ya tangi ao joto la vifaranga. Wanafunzi watano wanaweza kutumia moja, hata umeme ukikatika, kwa pawabanki ya simu.

Akili pia haikosekani. Mwaka wa 2013, Kinshasa iliona roboti za kuongoza magari kwenye njia panda, zenye kamera na zinazotumia umeme wa jua. Zilitengenezwa na wahandisi Wakongomani wakiongozwa na Thérèse Izay Kirongozi.

Kwa mashariki, jambo hili linagusa uhai. Tarehe 22 Mei 2021, volkano ya Nyiragongo ililipuka bila wakaaji kuonywa. Katika miezi iliyotangulia, kituo cha kuchunguza volkano cha Goma kilikosa pesa za intaneti ya kuleta habari kutoka vipima vya mbali. Wanasayansi walieleza baadaye kwamba dalili zilikuwa chache na zilikuja muda mfupi sana kabla ya lava kutoka. Hiyo ndiyo sababu vipima vinapaswa kuwa vizima kila saa, na mtu wa kuvitengeneza awe karibu. Fundi wa kungojewa kutoka ngʼambo hasaidii mji unaokimbia usiku.

Maprofesa wanaotetea nadharia wana haki. Asiyejua mahesabu ya umeme ataunguza chombo siku ya kwanza. Lakini nadharia iliyoeleweka inaonekana chombo kinapowaka. Na mfumo wa LMD, ambao vyuo vya Congo vinafuata leo, unahesabu pia kazi ya mwanafunzi mwenyewe, si saa za kumsikiliza mwalimu tu. Nafasi ya vitendo imekwisha kufunguliwa katika programu.

Basi kazi ya mwisho wa masomo ibadilishwe. Pamoja na kurasa zake, mwanafunzi alete chombo kimoja alichotengeneza. Kiwekwe nje kwa siku 30, kwenye mvua, vumbi na umeme wa kukatika, katika shamba, zahanati ao kisima cha mtaa. Kikikufa, akitengeneze na aandike sababu. Siku ya kujitetea, jopo liwaulize kwanza watu waliokitumia.

Chuo kinachokubali kipimo hicho hakitahitaji kungoja maabara kubwa kutoka Kinshasa. Na wazazi wanaouza ngʼombe na mashamba kulipa masomo watajua walinunua nini.