Hiyo Kitabu Nene ya Rivisheni Haitakufanya Mwalimu

Wacha niseme kitu itanikosanisha na watu kadhaa hapa Lucky Summer, kuanzia wenye saiba mpaka wale wasee wa magrupu ya Telegram: vitabu vingi vya rivisheni mnavyouziwa nyinyi mnaosomea ualimu ni takataka. Sijasema vyote. Nimesema vingi. Na mnavinunua na pesa ya mboga ya wazazi wenu.

Sina shida na rivisheni. Shida yangu ilianza na kitabu kimoja kilichokaa juu ya meza yetu likizo nzima, na nikaona vile kilimfanyia dada yangu.

Dada yangu anasomea diploma ya ualimu wa shule ya msingi, DPTE, kwa chuo kimoja nje ya Nairobi. Likizo ya Agosti alikuja na ombi moja tu.

"Mathe, kuna kitabu kila mtu darasani ako nayo. Ni ngiri na soo mbili."

Mathe huuza mboga karibu na steji. 1,200 kwake ni mafungu mengi sana ya sukuma. Lakini kwetu kitu ya shule haijadiliwi. Akatoa simu, akatuma M-Pesa, akaendelea kukata sukuma.

Kitabu kikaja. Kinene kama jiwe la kujengea. Jalada linang'aa, DPTE imeandikwa kwa herufi kubwa, na chini yake ahadi: maswali na majibu ya miaka 15.

Jioni moja dada amekaa sakafuni anakariri hatua nne za ukuaji wa akili ya mtoto kulingana na Piaget. Anazisema kwa sauti kama anaita abiria. Kando yake, lastborn wetu, ambaye ana miaka 5 na yuko PP2, analia. Amepewa uji kwa kikombe kifupi kipana, binamu yake amepewa kwa glasi ndefu nyembamba. Uji ni sawa, mathe alipima na bakuli moja. Lakini yeye ameona ya mwenzake imefika juu, kwa hivyo ni mingi. Analia vibaya.

Dada akamwambia, "Nyamaza bwana, nasoma!"

Wiki kadhaa baadaye, akiwa amerudi chuoni, alinipigia simu akicheka na nusu analia. Mwalimu wake alikuwa amewafundisha ule mfano maarufu wa Piaget: unamimina maji kutoka glasi pana hadi glasi nyembamba mbele ya mtoto mdogo, na mtoto anakwambia sasa yameongezeka. Hajadanganya, na si tabia mbaya. Akili yake bado inaangalia urefu peke yake. "Mtihani wangu ulikuwa umekaa karibu na mimi unalia," dada akaniambia, "na mimi naufukuza ndio nikariri jibu."

Sasa hiyo ndiyo kesi yangu yote. Kitabu kilimpa majina ya hatua nne. Hakikumwambia hatua hizo zinakaaje ukiziona kwa mtoto aliye mbele yako na kikombe cha uji.

Kuna lingine. Nilikifungua hicho kitabu mwenyewe. Mimi si mwalimu, mimi hushikilia simu na kuongea, lakini hesabu najua. DPTE ilipokea wanafunzi wa kwanza mwaka 2021, ikachukua nafasi ya cheti cha P1. Kozi ni miaka 3. Sasa niambie wewe, maswali ya miaka 15 ya DPTE yametoka wapi? Diploma yenyewe haijafika miaka 15! Ni kama mtu kukuuzia albamu ya picha za harusi yako na bado hujapata mchumba.

Nilipoingia ndani nikapata jibu. Kurasa baada ya kurasa zinaongea kuhusu darasa la nne na darasa la nane. Kuna sura inaeleza vile mwalimu anafaa kuandaa wanafunzi wa KCPE. Buda, KCPE ilifanywa mara ya mwisho mwaka 2023. Mtoto wa leo yuko Gredi ya 4, na mtaala wake umepangwa kwa mada, mada ndogo, matokeo yanayotarajiwa na swali dadisi. Hicho kitabu hakikuwa na swali dadisi hata moja. Kilikuwa ni maswali ya P1 yaliyovalishwa jalada jipya. Nguo mpya, maiti ni ile ile.

Najua mtaniambia nini, kwa sababu nimeshaambiwa na marafiki wa dada.

Wa kwanza husema: "Lakini KNEC hurudia maswali." Hapana. Mada ndizo hurudi. Elimu ya watoto wenye mahitaji maalum itakuja. Tathmini itakuja. Saikolojia ya mtoto itakuja. Lakini ukikariri jibu la swali la zamani na swali jipya limegeuzwa kidogo, utaandika kwa ujasiri mkubwa jibu la swali ambalo hukuulizwa. Karatasi za zamani zina kazi yake: zinakuonyesha muda, mpangilio, na maneno ambayo mtahini hupenda. Zitumie kama uwanja wa mazoezi. Usizikariri kama ubeti.

Wa pili husema: "Kuna watu wamepita nayo." Sawa. Pia kuna watu wamefika tao wakining'inia kwa mlango wa matatu. Hiyo haifanyi mlango kuwa kiti. Waliopita walihudhuria darasa, wakafanya mazoezi ya kufundisha, wakaandika noti zao, halafu kitabu kinakuja kuchukua sifa.

Wa tatu ndiye ananiuma, kwa sababu anasema ukweli: "Sina pesa ya vitabu vitano. Hii moja iko na kila kitu." Naelewa. Sisi wote tunatoka nyumba ambapo kitabu kikinunuliwa kuna kitu kingine hakijanunuliwa. Lakini ndio maana nakasirika. Mtu tajiri akinunua takataka amepoteza 1,200. Wewe ukinunua takataka umepoteza 1,200, ukapoteza likizo, na huna ya pili ya kurekebisha. Wanaouza wanajua hivyo. Wanajua mtu aliye na nafasi moja ya kununua atachukua kile kinene zaidi, kwa sababu unene unafanana na usalama.

Halafu kuna wale wa Telegram. Wiki mbili kabla ya mtihani wanaanza: "Karatasi iko. Tuma soo tano." Hapa hata sitabembeleza. Nusu yao hawana kitu, watakutumia karatasi ya zamani iliyobadilishwa tarehe kisha wakublock. Na akiwa nayo kweli, ni mbaya zaidi. Sheria ya KNEC ya mwaka 2012 inataja vifungo na faini kubwa kwa watu wa kuvujisha mtihani. Nchi hii imeshaona haya: baada ya mitihani ya 2015 kuvuja, waziri wa elimu wa wakati huo, Fred Matiang'i, alivunja bodi ya KNEC mwezi Machi 2016. Na wewe fikiria vizuri: unataka kupata kazi ya kuambia watoto wasibebe mwakenya, na kazi yenyewe umeipata kwa mwakenya?

Basi ninunue nini? Swali nzuri. Mimi nauliza kwanza: anayetunga mtihani amesema nini? Marekani, majimbo mengi hutumia mtihani wa walimu unaoitwa Praxis, unaotungwa na ETS. Na ETS wenyewe hutoa bure mwongozo wa kila somo unaoeleza mada na aina ya maswali. Bado kuna watu hukimbilia vitabu vya mamia ya kurasa bila kuufungua ule wa bure. Kumbe huu ugonjwa si wetu peke yetu.

Hapa kwetu KICD ndio hutengeneza mtaala, na KNEC ndio hutahini. Mitaala ya KICD inapatikana kwa tovuti yao na unapakua kwa simu yako, bila ngiri na soo mbili. Huo ndio mwongozo wako wa kwanza. Hauna jalada la kung'aa, unachosha, lakini ndio unaosema unatakiwa kujua nini. Kitabu cha rivisheni ni cha pili, na kinapimwa kwa huo wa kwanza.

Ukiwa umesimama kwa duka au kwa saiba, kabla hujatoa pesa, fanya haya. Dakika 10 zinatosha.

Moja, tafuta maneno ya zamani. Ukiona KCPE inaongelewa kama bado iko, ama darasa la nane, rudisha kitabu kwa rafu.

Mbili, angalia vitenzi vya maswali. Kama ukurasa mzima ni taja, orodhesha, taja, orodhesha, hicho ni kitabu cha kasuku. Kitabu kizuri kitakuweka darasani: una watoto 60, mmoja haoni vizuri, somo ni sehemu za mmea, utafanya nini? Swali kama hilo huwezi kulikariri. Lazima ufikirie.

Tatu, chagua mada moja kutoka kwa mtaala ulionao kwa simu, ile unaona ngumu, na uitafute ndani. Kama haipo, ama iko kwa mistari minne, unene wote huo umejazwa nini?

Nne, soma jibu la mada unayoijua vizuri kabisa. Ukipata kosa hapo, jiulize kuna makosa mangapi kwa zile mada hujui. Hii ndiyo yangu ya kupenda. Dada alipojaribu kwa kitabu chake alipata kosa ukurasa wa tatu.

Tano, nani aliandika, nani alichapisha, na mwaka gani? Kama imeandikwa tu "jopo la walimu wenye uzoefu", bila jina, bila mchapishaji, bila mwaka, huyo mtu hataki kupatikana. Kuna sababu.

Na kama pesa ni kidogo, ungana na wenzako watatu mnunue kimoja kilichopita huo mtihani. Mmoja anauliza, mwingine anajibu, mwingine anapinga. Kubishana kutakufundisha kuliko majibu yaliyoandikwa tayari.

Sasa, kwa nini mimi ambaye si mwalimu nina uchungu hivi? Angalia hapa mtaani. Watoto wengi wa Lucky Summer, Baba Dogo na Korogocho hawako shule kubwa za serikali. Wako kwa zile shule ndogo za mabati, zile serikali huziita APBET, ambapo moshi wa jaa la Dandora huingia darasani bila kubisha. Hao watoto hawana tuisheni. Hawana mzazi aliye nyumbani saa kumi kuangalia homuweki. Wako na mwalimu. Mwalimu peke yake.

Mwalimu huyo akiwa alipita kwa kukariri, mtoto wa watu wenye pesa ataokolewa na mtu mwingine. Lastborn wetu hana mtu mwingine. Akilia kwa sababu uji wa mwenzake "ni mingi", kuna mwalimu atamchapa maneno anyamaze, na kuna mwalimu atachukua bakuli, amimine uji mbele yake, na kumuuliza, "Sasa unaona nini?" Tofauti ya hao walimu wawili haiko kwa cheti. Cheti ni kimoja, na muhuri ni ule ule.

Dada yangu alirudi na kile kitabu likizo iliyofuata. Mathe akakiona kimekaa chini ya jiko la gesi kusawazisha mguu mfupi. Hakusema kitu. Alikitazama tu, akahesabu kichwani, nikajua anahesabu sukuma.

Kwa hivyo wewe unayetuma pesa leo usiku kwa sababu "kila mtu darasani ako nayo", ngoja hadi asubuhi. Pakua mtaala. Nenda na hizo hatua tano. Na muuzaji akikukasirikia kwa sababu unafungua kitabu kabla ya kununua, mwambie unasomea ualimu. Kazi yako ni kusoma kabla ya kuamini.