Kabla ya Kubadili Sketi, Muulizeni Anayeinunua

Safu ya KUTOKA BONDENI
Na Asha Kobelo

Wiki iliyopita nilishinda kwa fundi cherehani pale Kisaki Stesheni, hatua chache kutoka reli ya TAZARA, nikisubiri gauni langu limalizwe. Mbele yangu alikuwepo mama mmoja aliyeleta sketi ya shule ya binti yake wa kidato cha pili. Sketi ya kijani, ya marinda, imepauka kwa jua na sabuni ya mche. Akaigeuza nje ndani na kumwonyesha fundi pindo. Siku ilipokatwa, mwezi wa kwanza mwaka jana, aliomba iachiwe pindo la vidole vinne ili mtoto akirefuka ishushwe kidogo kidogo mpaka afike kidato cha nne. Ilikwisha kushushwa mara moja. Kipande kilichokuwa kimefichwa ndani kilikuwa bado kijani kibichi, na juu yake mstari wa mshono wa zamani ulionekana wazi. Vidole viwili vya pindo vilikuwa vimebaki.

Lakini mama yule hakuja kushusha pindo. Alikuja kuuliza kama sketi inaweza kuchovywa rangi iwe bluu iliyoiva, kwa sababu shule imetangaza kwamba kuanzia mwezi wa kwanza sare ni bluu.

Fundi alimjibu kwa upole kwamba teteroni haishiki rangi ya kuchovya. Mama akaikunja sketi, akairudisha kwenye mfuko, akauliza mita moja ya kitambaa cha bluu ni shilingi ngapi.

Shule sitaitaja, na wala si moja peke yake. Nilimwuliza yule mama kama wazazi waliitwa kwenye kikao. Akasema, "Tuliitwa, mwanangu. Tuliitwa tukaambiwa."

Nimeibeba kauli hiyo wiki nzima. Tuliitwa tukaambiwa. Kwenye muhtasari wa kikao hicho bila shaka pameandikwa kwamba wazazi walishirikishwa. Ushahidi wake ni ile karatasi ya mahudhurio iliyozungushwa benchi kwa benchi, kila mtu akaandika jina na kuweka sahihi au dole gumba. Mzazi alisaini kwamba alikuwepo. Faili likishafungwa, sahihi hiyo hiyo inasomwa kwamba alikubali.

Kwa nini nalipigia kelele jambo la rangi ya kitambaa? Kwa sababu kwa familia ya Kisaki, sare si jambo dogo lililobaki pembeni. Serikali ilipoanza kutoa elimu bila ada Januari 2016, iliondoa shilingi 20,000 za mwaka kwa mwanafunzi wa sekondari ya kutwa na 70,000 kwa wa bweni. Waraka wa Elimu Namba 3 wa mwaka huo ukafafanua nani anabeba mzigo gani. Serikali ilibaki na ruzuku na fidia ya ada, na mzazi akabaki na sare, madaftari, kalamu, na matibabu ya mwanawe. Katika mwaka wa fedha wa 2022/23 ada ya kidato cha tano na cha sita nayo ikaondolewa. Kwa hiyo ukimwuliza mzazi wa shule ya kutwa leo ni gharama gani kubwa inayomkabili siku ya kumwandikisha mtoto, atakuonyesha nguo.

Sasa angalia hali ilivyo. Januari 2018 Rais Magufuli alipiga marufuku michango holela shuleni, na tangu hapo mkuu wa shule anayetaka kuwachangisha wazazi hata shilingi elfu mbili anajua kuna ngazi za kupanda na maswali ya kujibu. Anayebadili rangi ya sketi hapandi ngazi yoyote. Hakuna anayeiita gharama hiyo mchango, ingawa inatoka kwenye mfuko ule ule na inazidi elfu mbili mara nyingi. Mtu anayelipa gharama peke yake ndiye anayeshika nafasi ya mwisho kuulizwa. Jambo hilo si la haki, na nalisema bila kuuma maneno.

Tena wazazi hawa si wageni wa shule hizo. Sekondari za kata zilipoenea nchini katikati ya miaka ya 2000, chini ya Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari (MMES), ni wao waliofyatua tofali, wakasomba mchanga mtoni na mawe kwa vichwa. Hakuna aliyesema wakati ule kwamba wakulima hawa hawaelewi mambo ya shule.

Nakubali kwamba wakuu wa shule wana sababu zao, na nyingine ni nzuri. Nimezungumza na mwalimu mmoja aliyenieleza kwamba shule mbili za jirani zilikuwa na rangi moja, na kila mtoto akionekana kilabuni saa nne asubuhi haijulikani ni wa shule gani. Mwingine alitaka rangi nzito kwa sababu ya vumbi la barabara. Sababu hizo zikielezwa mbele ya wazazi zinaeleweka. Wengi wangekubali, na pengine wangetoa wazo la bei nafuu zaidi, kama utepe wa rangi kwenye mfuko wa shati. Ninachokataa ni uamuzi kufika kikaoni ukiwa umeshaiva na mzabuni ameshapatikana.

Na hapa kwenye mzabuni ndipo pa kufungua macho. Shati jeupe la kawaida mzazi analipata mnadani, la mtumba, safi kabisa. Sketi anamshonesha fundi wa kijijini anayemfahamu, anayekubali kulipwa nusu sasa na nusu baada ya mavuno. Siku shati linapotakiwa liwe na nembo iliyodariziwa, na sweta iwe ya duka fulani la mjini, mlango wa mnada na wa fundi umefungwa. Uingereza, nchi tajiri, iliona mzigo huu ukiwalemea wazazi wake hata ikatunga sheria mwaka 2021 kuhusu gharama za sare. Mwongozo wake unazitaka shule zipunguze vitu vyenye nembo, zihakikishe nguo zilizokwishavaliwa zinapatikana, na ziwasikilize wazazi na wanafunzi. Kama London wanajali, Kisaki tuna sababu mara kumi.

Nimetaja sweta. Halmashauri yetu ya Wilaya ya Morogoro ina watoto wanaosoma juu milimani, Kolero na Singisa, ambako asubuhi ukungu unafunika uwanja wa paredi na sweta ni rafiki. Ina pia watoto wa huku chini, upande wa kusini wa Uluguru, tunakopakana na Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, ambako saa tatu asubuhi jasho linatiririka. Ukikuta fomu ya kujiunga ya shule ya bondeni inadai sweta na tai, ujue hakuulizwa mtu anayekaa darasani chini ya bati. Mkoa wetu una kumbukumbu chungu ya jambo la namna hii. Kiwanda cha viatu cha Morogoro, kilichojengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilipewa kuta za alumini na hakikuwekewa mfumo wa kupitisha hewa, katika mji wenye joto kama lile. Hakikuwahi kuzidi asilimia 5 ya uwezo wake, na mwaka 1990 kikafungwa. Makosa yake yalikuwa mengi, lakini hilo la kuta angeliona mapema yeyote aliyewahi kulala Morogoro mwezi wa kumi na mbili.

Turudi kwenye kuuliza, maana hapo ndipo kazi ilipo. Tunasema waulizwe wazazi. Mzazi ni nani huku kwetu? Waluguru na Wakutu ni watu wa ukoo wa mama. Mjomba ana kauli, na bibi mzaa mama ana kauli kubwa zaidi, kwa sababu mara nyingi ndiye anayelea wajukuu wakati wazazi wametafuta maisha Dar es Salaam au wako kwenye mashamba ya mbali. Barua ya shule inaandikwa "Mzazi/Mlezi", inakabidhiwa mtoto siku ya Alhamisi, kikao ni Jumatatu saa nne. Bibi hasomi. Mtoto anamsomea haraka haraka, au anaisahau kwenye daftari. Siku ya kikao anakwenda mwanamume yeyote aliyepo nyumbani, anakaa, anasaini, anarudi. Mwenye kuuza kuku ili sketi ipatikane hajaulizwa. Kuna pia familia za wafugaji wa Kimaasai na Kisukuma, zilizoko mbali na barabara, ambazo habari huzifikia ikiwa imepoa. Ukitaka kweli kuwauliza watu hawa, tuma neno kupitia wenyeviti wa vitongoji, misikitini baada ya swala ya Ijumaa, makanisani Jumapili, na sokoni siku ya gulio. Mkutano wenyewe ufanyikie kijijini, si shuleni tu.

Kuna na mtu mwingine asiyeulizwa kabisa, naye ndiye anayeivaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 11, inampa mtoto haki ya kutoa maoni, kusikilizwa, na kushiriki katika maamuzi yanayogusa ustawi wake. Nani aliwauliza wasichana kuhusu rangi ya sketi? Nilipokuwa sekondari tulivaa sketi ya rangi ya maziwa. Siku za hedhi tulikuwa tunatoka darasani kwa kutembea kinyumenyume hadi mlangoni, au tunajifunga sweta kiunoni kwenye jua kali, na wengine hawakuja shule kabisa siku hizo. Hakuna baba ambaye angelisema hilo kikaoni, na sisi tusingethubutu kulisema mbele ya baba. Lakini mwalimu wa kike angetukusanya wasichana peke yetu kwa nusu saa tu, tungelisema lote. Urefu wa sketi, nafasi ya hijabu, viatu vya kufunga kamba kwenye tope la masika: watoto wana majibu ya mambo haya yote.

Majirani zetu Kenya wametuonyesha gharama ya kuchelewa kusikilizana. Huko Isiolo, mzazi mmoja aliomba binti zake waruhusiwe kuvaa hijabu na suruali nyeupe pamoja na sare ya shule ya St. Paul's Kiwanjani. Jambo lilikwenda Mahakama Kuu, likapanda Mahakama ya Rufani, likafika Mahakama ya Juu iliyotoa hukumu Januari 2019. Kanisa lililokuwa mlezi wa shule lilishinda kwa sababu za utaratibu wa kesi. Hata hivyo majaji wakaishauri bodi ya shule iwape nafasi ya kusikilizwa mzazi na watoto wake, na itunge kanuni za mavazi baada ya kushauriana na wazazi. Miaka yote ile mahakamani, na njia iliyoonyeshwa mwisho ni kikao ambacho kingeitishwa mwanzo.

Kenya hiyo hiyo kuna jambo jingine la kutufunza. Watafiti Esther Duflo, Pascaline Dupas na Michael Kremer walifuatilia wanafunzi wa shule za msingi 328 za magharibi mwa nchi hiyo kuanzia mwaka 2003. Katika baadhi ya shule watoto walipewa sare bure. Baada ya miaka mitatu, wasichana walioacha shule walikuwa 16 katika kila 100, wakati katika shule zisizopewa walikuwa 19. Waliopata mimba walikuwa 13, wakati kwingine walikuwa 16. Nguo tu. Basi kama sare ya bure inamshikilia msichana shuleni, sare mpya ya lazima, iliyokuja ghafla, inamfanyia nini yule ambaye mama yake anahesabu vidole vya pindo?

Hata wakati wa kutangaza una uzito wake. Huku fedha inaonekana baada ya ufuta kuvunwa na kuuzwa, mwezi wa sita hadi wa nane. Januari ghala la mahindi limeshaanza kuonyesha sakafu, na watu wako shambani wakisubiri masika. Tangazo la Desemba la sare mpya ya Januari linampata mzazi mikono mitupu, naye anakwenda kukopa kwa kuahidi ufuta ambao bado haujapandwa.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa bodi za shule za sekondari katika kata yetu na kata za jirani, Bwakila Chini na Mvuha, mfanye hivi. Leteni wazo mwezi wa saba, likiwa bado wazo. Njooni na sketi yenyewe iliyoshonwa, watu waishike kitambaa, na bei za mafundi wawili wa hapa hapa ziandikwe ubaoni. Karatasi ya mahudhurio ibaki ya mahudhurio, na kura ipigwe peke yake. Mkikubaliana kubadili, waanze kidato cha kwanza, na wenye sketi za zamani wamalize nazo shule bila kurudishwa nyumbani hata siku moja.

Nawe msomaji wangu mwenye mtoto au mjukuu sekondari, ukipata barua ya kikao nenda, na bibi umchukue. Kabla hujasaini uliza unasaini nini.

Yule mama alinunua mita moja na nusu ya bluu, kwa mkopo. Alimwomba fundi aache pindo la vidole vitano.