Aliyekufa haji kutoa ushuhuda

Kuna jambo watu wa Arusha hatujalimaliza tangu 2011, nalo si dawa ya Babu. Ni namna tunavyobishana.

Mwaka ule Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa KKKT, aliuza kikombe kwa shilingi 500 kijijini Samunge, Loliondo. Alisema Mungu alimwonyesha mti wa kuchemsha, mugariga. Magari yalitoka mjini hapa yamejaa wagonjwa wa kisukari, saratani na UKIMWI. Foleni ikafika kilomita nyingi, wengine wakafia humo humo. Vigogo wa serikali nao walikunywa.

Sasa kumbuka ubishi wenyewe, kwenye vifodi, saluni na vijiwe vya kahawa. Walutheri wengi niliowasikia walimtetea kwa sababu ni wa kwao. Walokole wengi walisema ni pepo kwa sababu si wa kwao. Na hao waliojiita watu wa mantiki? Walicheka tu, eti washamba hao. Makundi matatu, na hakuna lililouliza: waliokunywa, wangapi walipimwa tena hospitali, na majibu yakawaje?

Badala yake tulipewa ushuhuda. Shangazi wa fulani amepona! Sawa, lakini aliyekufa haji kutoa ushuhuda. Ukihesabu wanaosimama kusema tu, kila kikombe duniani kitaonekana kinaponya.

Najua jibu litakalokuja: imani haipimwi. Nakubali, ila nusu. Msamaha wa dhambi haupimwi. Pepo haipimwi. Sukari kwenye damu inapimwa. Ukimwambia mgonjwa amepona, umeshaondoka madhabahuni na kuingia maabara, kwa hiyo fuata utaratibu wa huko. Wapo walioacha ARV baada ya kikombe. Hapo si suala la kuheshimu imani ya mtu tena, ni uhai wake.

Na kupima si kumkosea Mungu. Katika Luka 17, wakoma kumi walitumwa wakajionyeshe kwa makuhani, ambao ndio waliokuwa na kazi ya kukagua ukoma. Qurani nayo, katika sura ya Al-Hujurat, inawaamuru waumini wahakikishe habari kabla ya kuitendea kazi. Anayesema swali ni ukafiri hana hata kitabu chake upande wake.

Tena jambo hili tunaliweza. Maji mengi ya kuzunguka Mlima Meru yana floraidi nyingi, ndiyo maana meno yetu wengi yana rangi ya kahawia. Pale Ngurdoto wataalamu wamehangaika miaka na mkaa wa mifupa kuichuja. Sijawahi kumsikia muumini wa Arumeru akisema kupima maji ni kumtilia Mungu shaka. Kwa nini? Kwa sababu maji hayana dhehebu. Hakuna aibu ya kwetu ya kuficha.

Mwasapile alifariki 2021, lakini vikombe havijaisha. Leo ni mafuta ya upako, kesho maji ya baraka. Basi kabla hujafungua mdomo kutetea au kukejeli, jiulize: ningesema hivi hivi kama huyu angekuwa wa dhehebu langu, au la jirani yangu? Kama jibu linabadilika, bado hujaanza kujadili. Unashangilia timu yako tu, na mgonjwa yuko njiani anakusikiliza.